Dawa ya Kuchanganyiwa: Sheria, Daktari na Mnyama wa Nyumbani



Nimeombwa nizungumzie sheria. Naomba nianze na karatasi.

Katika miaka yangu ya mwanzo kazini, mama mmoja aliniletea mbwa mdogo wa kilo 3 aliyekuwa akipatwa na kifafa. Dawa iliyokuwapo ni fenobabitali ya binadamu, kidonge cha miligramu 30. Kwa uzito ule nilihitaji miligramu 7 na nusu hivi, asubuhi na jioni. Nikapanga vidonge juu ya kioo, nikachukua wembe, nikakata kila kimoja mapande manne. Aliyewahi kukata vidonge kwa wembe anajua kinachotokea: pande moja linatoka limeshiba, la pili jembamba, la tatu linasagika likabaki unga. Nikavifunga vyote kwenye karatasi ya daftari, nikamkabidhi mama na kumwambia, “Robo asubuhi, robo jioni.” Sikuandika kitu.

Wiki ya tatu mbwa alishikwa usiku, mfululizo. Mama akamkimbiza kwa daktari mwingine aliyekuwa zamu.

“Shikamoo mama. Anatumia dawa gani?”

“Marahaba mwanangu. Hizi hapa, ndizo nilizopewa.”

Akafungua karatasi. Ndani mlikuwa na chenga nyeupe. Daktari yule hakuwa na njia ya kujua ni dawa gani, ina nguvu kiasi gani, ilikatwa lini, wala nani aliikata. Alimtibu kwa kukisia, na kwa bahati mbwa alipona. Kesho yake mama aliniletea karatasi ile ile na kuiweka mezani kwangu bila kunilaumu. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia jinsi nchi nyingine zinavyotunga sheria ya dawa anazotengenezewa mnyama mmoja mmoja, na haya ndiyo niliyokuja nayo leo.

Imechanganywa au umechanganyiwa?

Lugha yetu imetusaidia kabla ya mwanasheria kufika. Tunasema nguo hii imeshonwa, na ile nimeshonewa. Nguo ya dukani imeshonwa: haijui nani ataivaa, na ina saizi tatu au nne za kukisia watu wote. Nguo ya kushonewa ina mwenyewe. Fundi amekupima mabega kwa futi ya kamba, ameandika vipimo kwenye daftari lake, na ikikubana kwapani unajua mlango wa kwenda kugonga. Tofauti ya maneno hayo mawili iko kwenye ile kauli ya kutendea.

Dawa nazo ziko hivyo. Kiwanda kinachanganya. Mfamasia au daktari anamchanganyia mgonjwa anayejulikana kwa jina. Kwa hiyo leo nitaziita dawa hizi dawa za kuchanganyiwa, na nitadai kwamba karibu kila mgogoro wa sheria juu yake unatokana na mtu aliyeacha kumchanganyia fulani akawa anachanganya tu.

Haja yenyewe haina ubishi. Viwanda vinatengeneza dawa kwa ajili ya soko kubwa, na soko kubwa ni binadamu, kisha ng'ombe na kuku. Paka wa kilo 4 mwenye maumivu ya viungo anahitaji miligramu 20 hadi 40 za gabapentini, wakati kapsuli ndogo inayopatikana kwa kawaida ina miligramu 100. Paka mzee ambaye tezi yake ya thairoidi imezidi kufanya kazi anahitaji methimazoli kila siku ya maisha yake, na paka aliyekwisha kukataa vidonge anaweza kukuchana mikono mpaka ukaacha kumtibu. Mfamasia anaweza kuitia dawa hiyo kwenye mafuta maalumu, ukavaa glavu, ukampaka ndani ya sikio, na yeye akaendelea kulala.

Tena dawa ya binadamu haiwi salama kwa mnyama kwa kupunguza kipimo peke yake. Gabapentini ya maji inayouzwa kwa ajili ya watu hutiwa zailitoli ili iwe tamu. Zailitoli ikimwingia mbwa, sukari ya damu hushuka ghafla, na ini linaweza kuharibika. Dawa iko sawa, kilichoibeba ndicho kinachoua. Anayechanganya ni lazima ajue aina ya mnyama atakayemeza, na hapo ndipo sheria inapaswa kumshika mkono.

Sheria iliyojaa mapengo

Nimechagua Marekani kwa sababu huko suala hili limepita bungeni, mahakamani na kwenye meza za mamlaka, na kila hatua imeacha maandishi tunayoweza kuyasoma.

Mwaka 1937 zaidi ya watu 100 walikufa huko baada ya kunywa dawa ya maji ya sulfanilamide, wakiwamo watoto. Sulfanilamide yenyewe ilikuwa dawa nzuri, lakini ilikuwa imeyeyushwa katika kimiminika chenye sumu. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria kuu ya chakula, dawa na vipodozi ya 1938, iliyotaka mtengenezaji aonyeshe usalama wa dawa kabla ya kuiuza. Mwaka 1968 kukaongezwa sehemu mahususi ya dawa za wanyama. Msingi ukawa huu: dawa mpya ya mnyama ambayo haijaidhinishwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa, FDA, haihesabiwi kuwa halali.

Kwa maandishi hayo, daktari aliyempa mbwa dawa ya binadamu alikuwa nje ya sheria, ingawa kila kliniki ilifanya hivyo kila siku. Bunge lilirekebisha hali hiyo mwaka 1994 kwa sheria inayoitwa kwa kifupi AMDUCA. Ikamruhusu daktari wa wanyama kutumia dawa iliyoidhinishwa kwa namna isiyoandikwa kwenye lebo yake, na kanuni zake zikaruhusu kuchanganya kutokana na dawa iliyoidhinishwa. Masharti yake ni ya busara. Daktari awe amemwona mnyama na yu tayari kumfuatilia. Kusiwe na dawa iliyoidhinishwa inayofaa jinsi ilivyo. Anayechanganya awe mfamasia au daktari mwenye leseni. Kiasi kinachotengenezwa kilingane na mahitaji, na sheria za jimbo zifuatwe.

Lakini tazameni pengo lililobaki. Ukichukua kidonge kilichoidhinishwa ukakisaga na kukifanya dawa ya maji, AMDUCA inakutambua. Ukianza na dawa ghafi, yaani unga wenyewe kutoka kwa muuza malighafi, haikutambui. Sasa fikirini sisapraidi. Iliondolewa kwenye soko la binadamu la Marekani mwaka 2000 kwa sababu ilivuruga mapigo ya moyo ya baadhi ya wagonjwa. Paka wenye utumbo mpana uliolegea wanaihitaji mpaka leo, na wengi wanaishi kwa hiyo. Hakuna kidonge kilichoidhinishwa cha kusaga, hivyo ni lazima uanze na unga.

Kwa upande wa binadamu pengo la namna hii lilishughulikiwa na Bunge lenyewe, baada ya msiba. Mwaka 2012 sindano za dawa zilizochafuliwa na kuvu, zilizotoka kwenye duka moja la kuchanganya dawa huko Massachusetts, zilisambaa majimbo mengi, zikasababisha homa ya uti wa mgongo na kuua watu zaidi ya 60. Mwaka 2013 ikapitishwa sheria mpya iliyotenganisha mfamasia anayemchanganyia mgonjwa wake na kituo kinachochanganya kwa wingi na kusambaza. Ilikuwa sheria nzuri, ila iliandikwa kwa ajili ya dawa za watu. Wanyama hawakuwekwa.

Farasi 21 wa Wellington

Wanyama walikuwa wamekwisha kupata msiba wao. Tarehe 19 Aprili 2009, huko Wellington, Florida, farasi wa timu ya polo ya Lechuza Caracas walianza kuyumba na kuanguka wakati timu ikijiandaa kwa mechi ya mashindano makubwa ya nchi. Farasi 21 walikufa. Walikuwa wamechomwa mchanganyiko wa vitamini na madini uliotengenezwa kuiga Biodyl, bidhaa ya Ulaya ambayo haikuwa imeidhinishwa Marekani. Uchunguzi ulikuta seleniamu iliyozidi mno mwilini mwao. Madini hayo mnyama huyahitaji kwa kiasi kidogo sana, na yakizidi yanaua.

Siku 4 baada ya vifo, duka la dawa lililochanganya, Franck's la mjini Ocala, lilitangaza lenyewe kwamba ukaguzi wake wa ndani umeonyesha nguvu ya kiambato kimoja haikuwa sahihi. Naomba tutue hapo. Walijua upesi kwa sababu kulikuwa na agizo la daktari, na mchanganyiko ule ulikuwa na mahali ulipotoka. Kilichokosekana ni jicho la pili kwenye hesabu kabla sindano haijaingia mshipani. Kwa hiyo sidai kwamba maandishi yanazuia kila kifo. Wale farasi walikufa na maandishi yakiwapo. Ninachodai ni kwamba bila maandishi kosa halionekani, na lisiloonekana litarudiwa kesho kwa mnyama mwingine.

FDA ililishtaki duka hilo mwaka 2010, ikitaka mahakama ilizuie kuchanganya dawa za wanyama kutokana na dawa ghafi. Mwaka 2011 Jaji Timothy Corrigan wa mahakama ya shirikisho huko Florida aliikatalia. Alisema kuchanganya kwa namna ya jadi, kunakofanywa na mfamasia mwenye leseni ya jimbo kwa agizo la daktari kwa mnyama asiyeliwa, ni jambo ambalo Bunge halikukusudia kuipa mamlaka hiyo nguvu ya kulizima. FDA ikakata rufaa, lakini mwaka 2012 hukumu ilifutwa kabla rufaa haijaamuliwa. Swali likabaki pale pale.

Jibu lililopo sasa ni Mwongozo namba 256, ambao FDA iliutoa katika sura yake ya mwisho Aprili 2022. Msimamo wake una pande mbili. Upande mmoja unasema dawa ya mnyama iliyochanganywa kutokana na dawa ghafi haijaidhinishwa, kwa hiyo inakiuka sheria. Upande wa pili unakiri kwamba wanyama wanaihitaji, na kwamba mamlaka haikusudii kumchukulia hatua anayefuata masharti fulani. Dawa ichanganywe na mfamasia au daktari mwenye leseni, au chini ya usimamizi wao wa moja kwa moja. Iwe kwa mgonjwa aliyetajwa. Ikiwa inafanana na dawa iliyoidhinishwa, pawe na sababu ya kitabibu iliyoandikwa kwa nini ile iliyoidhinishwa haifai, maana bei nafuu si sababu ya kitabibu. Lebo iseme wazi kwamba hii ni dawa ya kuchanganywa, isiyoidhinishwa. Madhara yakitokea yaripotiwe.

Masharti hayo nayaunga mkono yote. Msingi wake ndio unaonitia wasiwasi. Mamlaka inayosema kitu ni kosa, kisha ikafumbia macho, inamweka daktari mwaminifu chini ya huruma ya mtu aliye ofisini leo. Huruma hiyo inaweza kuondoka bila Bunge kupiga kura. Kama wanyama wanazihitaji dawa hizi, na wanazihitaji, Bunge liseme hivyo kwa kifungu, kama lilivyofanya kwa binadamu mwaka 2013.

Chupa iliyoko kabatini

Sehemu ngumu kuliko zote ni hii: je, daktari anaweza kuweka kabatini dawa zilizochanganywa kabla mgonjwa hajafika, halafu akamkabidhi mwenye mnyama aende nazo nyumbani?

Hapo ndipo neno letu linapojaribiwa. Dawa ya akiba imechanganywa, bado hakuna aliyechanganyiwa. Sheria kali ingeikataza kabisa. Lakini mbwa aliyekula sumu saa 4 usiku Jumamosi hawezi kungoja kifurushi cha Jumatano. Mwongozo wa 2022 ulishughulikia hilo kwa orodha: dawa ghafi fulani, kwa matumizi yaliyotajwa, ndizo zinazoweza kuchanganywa ziwe akiba ya kliniki kwa wanyama wasioliwa.

Majimbo nayo yana sheria zao, na hazilingani. Virginia inamruhusu daktari kumpa mwenye mnyama dawa ya aina hiyo isiyozidi ya siku 7, tena kwa hali ya dharura na pale duka la kuchanganya haliwezi kufikiwa kwa wakati. Naipenda sheria hiyo kwa sababu inahesabu siku. Inamfunika mgonjwa mpaka mfamasia amtengenezee ya kwake, na haimwachi daktari awe kiwanda kidogo. California ilikwenda njia nyingine. Mwaka 2016 iliandika kwenye sheria kwamba daktari wa wanyama ana haki ya kuchanganya, kisha ikaipa bodi ya taaluma kazi ya kuweka kanuni.

Kuna jambo la pesa pia, na si adabu kulizunguka. Daktari wa wanyama anaandika dawa na anaiuza yeye mwenyewe. Kila chupa inayotoka kabatini ina faida yake. Ndiyo maana sharti la sababu ya kitabibu ni muhimu hivi: linamlinda daktari na jaribu, na linamlinda mwenye mnyama asiuziwe mchanganyiko wakati kidonge kilichopimwa na kuidhinishwa kipo. Figa moja haliinjiki chungu. Daktari anamjua mnyama, mfamasia anaijua dawa, mwenye mnyama anaona kinachotokea nyumbani, na sheria nzuri ni ile isiyomruhusu yeyote kati yao kusimama peke yake.

Mlango ulipofunguliwa

Wapo wanaodhani sheria ya aina hii kazi yake ni kufunga tu. Nawapa mfano wa kufungua.

Kuna ugonjwa wa paka wa virusi vya korona unaojaza maji tumboni au kuharibu viungo vya ndani, ukiitwa kwa kifupi FIP. Kwa miaka mingi karibu kila paka aliyeugua alikufa. Mwaka 2019 Niels Pedersen na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo ya kuwatibu paka 31 waliougua wenyewe, kwa kutumia kemikali inayoitwa GS-441524, na wengi wa paka wale walipona. Lakini hakukuwa na dawa iliyoidhinishwa ya kununua. Wafugaji wakaanza kuagiza vichupa vya magendo kwa njia ya intaneti, wakawachoma paka wao jikoni, bila kujua kwa hakika kilichomo wala nguvu yake. Madaktari wengi waliogopa kugusa sindano zile, wakabaki kumwangalia mwenye paka akifanya kazi ya daktari.

Uingereza ilifungua mlango Agosti 2021, dawa ikaanza kupatikana kwa utaratibu halali wa kutengenezewa. Marekani ilifuata mwaka 2024: mwezi Mei FDA ilitangaza kwamba haitachukua hatua dhidi ya GS-441524 ya kuchanganywa iliyoandikwa na daktari kwa paka aliyetajwa, na kuanzia Juni ikawa inatoka kwenye duka la dawa. Kemikali ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa kichupa kilikuwa na jina la paka, nguvu ya dawa, tarehe, na namba ya simu ya mtu wa kuulizwa.

Tunarudi nyumbani na nini?

Hapa Tanzania Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ndiyo inayodhibiti dawa za watu na za wanyama, na Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 ndiyo inayosimamia taaluma yetu kupitia Baraza lake. Sisemi tunakili kanuni za watu wenye duka la kuchanganya dawa kila mji. Tukinakili bila kupima tutashona nguo ya mtu mwingine. Lakini kila mmoja wetu anakata vidonge. Kila mmoja wetu amewahi kuyeyusha kapsuli ya binadamu kwenye maji ya sukari kwa ajili ya mtoto wa mbwa. Tunachanganya tayari, hata kama hatujiiti wachanganyaji.

Kwa hiyo naomba mambo matatu ambayo hayangoji Bunge. La kwanza, daftari: kila dawa unayoigeuza umbo, andika ulianza na nini, kiasi gani, na kwa mnyama yupi. La pili, mfamasia: kabla ya kuyeyusha chochote, muulize kama kinayeyuka, kinakaa siku ngapi, na kama kilichomo ndani ya chupa ya watu kinamdhuru mbwa au paka. Doksisaikilini iliyoyeyushwa, kwa mfano, haikai na nguvu yake muda mrefu. Chupa ya mwezi uliopita inaweza kuwa na rangi na ladha ya dawa lakini isitibu. La tatu, lebo.

Karatasi ya yule mama ninayo mpaka leo. Wanafunzi wangu wakianza kazi, huwapa kalamu na kuwaambia waiandike upya jinsi ilivyopasa kuwa. Huchukua kama dakika mbili. Huandika: mbwa jike, kilo 3, wa mama fulani. Fenobabitali, miligramu 7.5, asubuhi na jioni. Imekatwa kutoka kidonge cha miligramu 30. Tarehe iliyokatwa, na tarehe ya kuacha kuitumia. Jina la daktari, na namba yake ya simu, hata usiku.